Mwezi Mwandamo, Falaki na Kijana wa Kiislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao mpaka Siku ya Mwisho. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wahariri wa jarida letu wameniomba niandike juu ya nafasi za masomo ya sayansi ya anga kwa wanafunzi na kwa walimu. Nimekubali kwa furaha, ila nimewaomba ruhusa nianze na swali ambalo kwangu linatangulia. Niliulizwa na mzazi mmoja huku ninakofundisha, Nchelenge, ufuoni mwa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia: "Ustadhi, hii elimu ya nyota unayowafundisha watoto wetu, si ndiyo ile ya kupiga ramli?"

Wengine watacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee yule hakuiokota shaka yake hewani. Lugha yetu yenyewe imemchanganya. Tukisema mtu "ametazamiwa nyota" tuna maana gani? Tukisema fulani "anapiga falaki" tunamfikiria nani? Mwenye darubini na mwenye kuuza hirizi wote tumewaita wanajimu, na magazeti yetu kwa miaka mingi yamekuwa na safu ya nyota zako wiki hii, jinsi utakavyopata pesa na mchumba. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili, mmoja wa halali na mmoja wa haramu, na mcha Mungu akiona hivyo huona salama yake ni kuutupa mzigo wote. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Kiislamu anafaulu hisabati na fizikia, nafasi ya kusoma inatangazwa, na nyumbani anaambiwa aiache kwa sababu ya dini. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Basi tuitenganishe mizigo hiyo.

Katika Sunan Abi Dawud imepokewa hadithi inayosema kuwa mwenye kuchukua kitu katika elimu ya nyota amechukua tawi la uchawi. Hadithi hii huifahamu wazee wengi, na wana haki ya kuikumbusha. Lakini wanavyuoni walioisherehesha wameeleza kinachokusudiwa: kudai kwamba nyota ndizo zinazoamua riziki, ndoa, vita na mauti, au kwamba kwa kuzitazama mtu huyajua ya ghaibu. Ama kuzijua nyota kwa ajili ya kibla, nyakati za swala, hesabu ya miezi na njia ya msafiri gizani, huko si kuramba uchawi. Katika Sura Al-An'am, aya ya 97, Mola wetu anazitaja nyota kuwa ni viongozi vya wasafiri wa bara na bahari. Katika Sura Yunus, aya ya 5, anatueleza kuwa ameupangia mwezi vituo vyake ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Ndugu zangu, hapo hesabu imetajwa wazi kuwa ni miongoni mwa makusudio. Anayekaa na kalamu akaipiga hesabu ya mwezi anakifanyia kazi kile ambacho aya imekitaja.

Tazama pia mwenendo wa Mtume wetu (SAW). Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wa Madina wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Wataalamu wa leo wakirudisha hesabu nyuma hukuta kupatwa kwa jua kulikoonekana Madina Januari 27, 632, na wengi huamini ndiko huko. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo: baba aliyefiwa, watu wako tayari kuamini kuwa mbingu zinalia pamoja naye. Mtu mwongo angenyamaza, na ukimya wake ungemletea wafuasi. Yeye aliwasimamisha watu katika swala, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, wala hazipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa yeyote. Ramli ya nyota ilikatwa mzizi siku ile, na aliyeikata alikuwa na kaburi la mtoto mbele yake.

Imamu Ghazali, katika utangulizi wa Tahafut al-Falasifa, aliwaonya watu wa dini wa zama zake kwa ukali. Alisema, kwa maana, kuwa anayedhani ni wajibu wa kidini kubishana na maelezo ya wanahesabu kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi anaitia dini hasara, maana mambo hayo yamethibitika kwa hesabu isiyo na shaka. Mwenye kuijua hesabu ile akiambiwa kuwa inapingana na sharia, haitilii shaka hesabu. Anaitilia shaka sharia. Maneno hayo yana umri wa miaka zaidi ya 900, na mimi nimewaona kwa macho yangu vijana yaliowapata.

Sasa nirudi ufuoni, maana wengi wenu hamjafika huku. Nchelenge na mji pacha wake wa Kashikishi viko upande wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo. Kibemba ndiyo lugha ya watu, lakini sokoni Kiswahili cha Kongo husikika kila siku, na familia kadhaa za msikiti wetu zina ndugu Kilwa na Pweto. (Kilwa hiyo ni ya Katanga; ya pwani ni nyingine.) Kwa kuwa tuko mashariki ya maji, jua letu huzama ziwani. Mwezi mwandamo nao huonekana upande huohuo, juu ya maji, pasipo jengo wala taa za barabarani za kuuficha. Nimeishi miji mikubwa ambako kamati ya mwezi hupanda ghorofa na kuchungulia katikati ya moshi na minara ya simu. Sisi tunatoka nje ya mlango tu.

Tena kuna watu huku wanaoujua mwezi kuliko ustadhi. Nao ni wavuvi wa chisense, vile visamaki vidogo vinavyovuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta samaki pale tu ambapo usiku ni wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwani kote, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mvuvi wa Nchelenge, awe Mkristo au Mwislamu, anaishi kwa kalenda ya mwezi bila kuiita hivyo. Usiku wa giza ukisimama ufuoni utadhani kuna mji umejengwa ndani ya ziwa, kwa wingi wa taa.

Kusini ya hapa, kwenye bonde la Luapula, kuna ziwa dogo la Mofwe, lenye matete na mamba, na kando yake ndipo ulipokuwa mji wa mfalme Kazembe. Mahali pale pameingia katika historia ya falaki zaidi ya mara moja. Mwaka 1798 alikuja mjumbe wa Wareno, Francisco José de Lacerda e Almeida, mzaliwa wa São Paulo, mwanahisabati aliyesomea Coimbra. Njiani alikuwa akipima mahali alipo kwa kutazama mbingu. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, kabla ya kuonana na Kazembe. Mwaka 1867 akaja Livingstone na vipimo vyake vya nyota, akafika Mweru Novemba 8. Na alimkuta nani mjini kwa Kazembe? Alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa amekaa huku miaka mingi na ambaye Kazembe hakuwa akimruhusu kuondoka.

Jambo hili hunifikirisha. Ramadhani ya mwaka 1284 Hijria iliangukia mwishoni mwa Desemba 1867. Wafanyabiashara Waislamu waliokuwa katika nchi hii bila shaka walisimama mahali fulani, wakaelekea magharibi, wakautafuta mwezi. Leo vipimo vya Livingstone vimo vitabuni. Mwezi walioutazama wale Waislamu haumo popote. Walikuwa na macho, walikuwa na haja ya dini yao, na baadhi yao walijua kuandika. Hawakuacha rekodi. Siwalaumu marehemu, Allah awarehemu. Nasema tu kwamba sisi tuliokuja baada yao tuna kalamu na tuna simu.

Mwaka mmoja, jioni ya tarehe 29 Shaaban, ufuo wetu ulikuwa na mawingu. Kabla ya isha simu zikaanza kulia: mwezi umeonekana mji fulani, kesho ni funga. Binti mmoja wa Gredi ya 12 katika darasa langu la Jumamosi alikuwa ameandika hesabu yake siku mbili kabla, kwa kutumia programu ya bure ya Stellarium. Karatasi yake ilionyesha kwamba jioni ile, huku na katika mji ule uliotajwa, mwezi ungetua kabla ya jua. Mwezi uliokwisha kuzama ukiwa mbele ya jua, nani ataushuhudia? Aliileta karatasi kwa imamu wetu kwa adabu, akasimama mlangoni. Wazee wawili waliudhika. Mmoja alisema sisi ni umma usioandika wala kuhesabu, Mtume (SAW) amesema hivyo, na mtoto wa kike asitufundishe kufunga.

Jamaa ya msikiti iligawanyika. Nyumba mbili za ndugu wa tumbo moja zilifunga siku mbili tofauti, na Idi ilipofika sahani hazikuvuka uwanja. Watoto waliliona hilo.

Hadithi aliyoitaja mzee ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na haina budi kupewa haki yake. Mtume (SAW) aliwaonyesha watu kwa vidole vyake kuwa mwezi huwa siku 29 na huwa siku 30. Aliifanya ibada iwe nyepesi, ili mchungaji jangwani asihitaji mwalimu wa hesabu ndipo afunge. Hakuusifu ujinga. Ama angekuwa ameusifu, basi na kuandika Msahafu kusingefaa, maana kuandika kumetajwa katika hadithi hiyohiyo pamoja na kuhesabu. Wanavyuoni wengi wamebaki na msimamo kwamba mwezi huthibiti kwa kuonekana, na mimi siko hapa kuupindua msimamo wao. Lakini sisi wa Afrika Mashariki wengi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na ndani ya madhehebu hayo yumo Taqiyyuddin al-Subki, aliyefariki mwaka 1355, ambaye alisema kuwa hesabu ya yakini ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai kuuona hukataliwa. Hesabu hapo haifungishi watu, inachuja ushahidi. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya wastani inayoheshimu jicho na kalamu pamoja.

Na nani atakayeipiga hesabu hiyo? Zamani msikiti mkubwa ulikuwa na mtu wake, akiitwa muwaqqit, mwenye kazi ya kuhifadhi nyakati. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawi, Damascus. Mwaka 1371 aliutengenezea msikiti ule saa ya jua. Mfumo wake wa mwendo wa mwezi unafanana kimahesabu na ule ambao Copernicus aliuandika katika karne ya 16. Mtu huyo alikuwa mtumishi wa msikiti! Na kwa wale wanaosumbuliwa na mtoto wa kike kushika kalamu, Ibn al-Nadim amemtaja al-Ijliyya, binti aliyekuwa akitengeneza astrolabu, chombo cha kupimia nyota, katika utumishi wa Sayf al-Dawla wa Aleppo, karne ya 10. Maulamaa wanatufundisha kuwa elimu ambayo umma unaihitaji ni fardhi kifaya: wakiwapo wa kuifanya, wengine wamesalimika, asipokuwapo hata mmoja, dhambi ni ya wote. Ni miji mingapi yetu leo ambayo haina hata mmoja?

Kuhusu nafasi za masomo sasa. Nitataja zile ninazozijua.

Zambia ni moja ya nchi nane zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa za redio, pamoja na Kenya, Msumbiji, Botswana, Namibia, Ghana, Madagascar na Mauritius. Darubini za redio hazihitaji usiku. Ni masahani makubwa yanayopokea mawimbi ya redio kutoka angani. MeerKAT, yenye masahani 64, ilizinduliwa Julai 2018 katika jangwa la Karoo, na hapohapo unajengwa mradi mkubwa zaidi wa SKA. Kwa sababu ya ushirika huo kumekuwa na ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa nchi hizo, na mradi uitwao DARA, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza, ulikuja kuwafunza wahitimu wa fizikia, hisabati na uhandisi katika nchi hizo hizo, na baadhi yao wakaendelea na shahada za juu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma haya asisubiri kumaliza ndipo atafute. Kinachoangaliwa ni hisabati, fizikia na uwezo wa kuandika programu za kompyuta, na vyote vitatu vinajengwa mapema.

Walio sekondari na wasio na darubini wana mlango mwingine. Kuna ushirikiano wa kimataifa uitwao IASC unaowapa vikundi vya wanafunzi picha halisi za darubini ili watafute asteroidi, yaani vile vimwamba vinavyozunguka jua. Ni bure. Kinachotakiwa ni kompyuta, intaneti na mwalimu mmoja mvumilivu. Picha za setelaiti za Landsat nazo, ambazo zimekuwa zikipigwa tangu 1972, hutolewa bure tangu 2008. Darasa langu limezitumia kulitazama ziwa la Mofwe msimu kwa msimu, jinsi maji yanavyopanda na matete yanavyosogea. Mtoto wa mvuvi anapoiona mitaa yake ikiwa imetazamwa kutoka angani, huwa hahitaji tena kuelezwa sayansi ya anga inamhusu nini.

Walimu wenzangu, kwenu nina maneno zaidi kidogo, kwa sababu mwanafunzi mmoja hufaidika peke yake lakini mwalimu mmoja hubeba darasa kila mwaka. Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki (IAU) una ofisi Cape Town, tangu 2011, ya kutumia falaki kwa maendeleo. Kila mwaka hutangaza nafasi ya kuwasilisha mawazo ya miradi midogo, na mwombaji halazimiki kuwa profesa. Umoja huo pia una mpango uitwao NASE wa kuwafunza walimu wa shule kufundisha falaki kwa vifaa vya kawaida: kadibodi, kamba, mpira na taa. Tena kila mwaka, Oktoba 4 hadi 10, ni Wiki ya Anga ya Dunia iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa. Omba saa moja tu kwa mkuu wa shule katika wiki hiyo. Ni vigumu kukataliwa jambo lenye muhuri wa Umoja wa Mataifa. Na atakayekuambia utume pesa ya fomu kwa simu ili akuunganishe na mpango wowote kati ya hii, mkimbie.

Najua kinachosemwa tukifika hapa: anga ni ya matajiri. Hapa Zambia maneno hayo huja na kicheko, kwa sababu kila mtu amesikia habari za Edward Makuka Nkoloso, aliyetangaza mwaka 1964 kuwa ataipeleka Zambia mwezini na akawa anawafunza vijana wake kwa kuwabingirisha ndani ya pipa. Wacheke wanaocheka. Mimi huona kwamba mtu yule, mwaka nchi yake ilipopata uhuru, alikataa kukubali kuwa anga ina wenyewe. Alichokosa ni hesabu, na hesabu inafundishika. Uganda ilirusha setelaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022, na waliohusika kuijenga ni wahandisi watatu wa Kiganda waliopelekwa kusoma Japani. Taifa-1 ya Kenya ikafuata Aprili 15, 2023.

Kenya ina kisa kingine kinachonigusa zaidi. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setelaiti ya kwanza duniani iliyokusudiwa kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya iliitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na kiongozi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na roketi ikapaa mbele ya macho ya watu wa pwani, wenye misikiti ya karne nyingi na wanaojua Kilimia, Zuhura na Mirihi kwa majina. Ni wangapi kati ya watoto wa ufuo ule waliosomeshwa mambo yale? Naliuliza kila ninapoona mradi mkubwa unakuja kwetu na kuondoka.

Anga yenyewe imekwisha kupokea swala. Mwaka 1985 Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alikuwa Mwislamu wa kwanza kufika huko. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, wanavyuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo wa ibada: nyakati za swala afuate mahali alikorukia, kwa sababu kituo kinaizunguka dunia takriban mara 16 kwa siku. Fiqhi haikushindwa. Ilikaa na wahandisi, ikauliza, ikajibu.

Labda mtataka kujua habari za yule binti. Baba yake ni mfanyabiashara wa chisense, mzaliwa wa ng'ambo, na ndiye mzazi aliyeniuliza lile swali la ramli. Binti amefaulu, na anataka kuomba nafasi ya fizikia Lusaka. Nilikwenda kwao pamoja na imamu wetu. Baada ya salamu na chai, imamu akamuuliza, "Baba, leo mwezi una siku ngapi?"

"Kumi na tatu," akajibu papo hapo. "Mitumbwi yangu imepumzika tangu juzi."

"Na utarudi lini ziwani?"

Akataja siku.

"Nani amekupigia ramli?"

Mzee akanyamaza, kisha akatabasamu. "Shehe, hiyo ni hesabu tu."

"Basi binti yako naye anataka kuhesabu."

Amekubali binti aendelee na darasa la Jumamosi. Kuhusu Lusaka bado hajasema ndiyo. Anasema ataongea na shangazi wa mtoto, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi inakaribia. Msomaji, ukimaliza kusoma muombee dua.

Kuna mambo mawili ambayo tawi lolote la jumuiya yetu linaweza kuyafanya bila shilingi wala kwacha. La kwanza ni kibla. Kila mwaka jua hupita juu kabisa ya Makka mara mbili: Mei 27 au 28, saa 6:18 mchana kwa saa za Makka, na Julai 15 au 16, saa 6:27. Saa za Makka ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi. Zambia na Lubumbashi mtoe saa moja, yaani 5:18 na 5:27. Simamisha kijiti wima mahali tambarare. Dakika ile ikifika, kivuli kitalala kinyume kabisa na kibla. Geuka uelekee kwenye kijiti kutoka ncha ya kivuli, umeelekea Makka. Hapa Nchelenge ni kama digrii 19 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Mwalimu wa jiografia na mwalimu wa madrasa wanaweza kuisimamia kazi hii pamoja.

La pili ni mwezi. Jioni ya tarehe 29 ya kila mwezi wa Kiislamu, miezi yote 12, tunakutana ufuoni Kashikishi nusu saa kabla ya magharibi. Tukiingoja Ramadhani peke yake, macho huwa hayajazoea. Kila mmoja anaandika katika daftari: tarehe, hali ya mawingu, jua limezama saa ngapi, mwezi umeonekana au haukuonekana, kwa macho matupu au kwa darubini, na umekaa dakika ngapi kabla ya kutua. Darubini haiinuliwi mpaka jua limezama lote, maana inapofusha. Mwezi wenye umri wa chini ya saa 15 usitarajie kuuona kwa macho. Mradi wa kimataifa wa kuangalia miezi miandamo, ICOP, ulioanza 1998 na kuongozwa na Mohammad Odeh, hupokea taarifa za watazamaji kutoka nchi zote, na taarifa ya kutokuonekana nayo ina thamani kwao. Tawi litakalotaka kulinganisha daftari lake na letu liandike kupitia kwa wahariri. Tutatuma nakala ya kurasa zetu tangu mwezi wa kwanza tulioanza, mawingu na yote.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.